Shemeji, Mama Mkwe na Tairi za Matope

Tairi za matope huuzwa kwa macho. Meno yamesimama, ubavu umechongwa, pikapu inakaa juu, na mwenye nayo akishapaki hugeuka mara mbili kuitazama. Shemeji yangu alinunua seti yake bila kuniuliza, na mimi kazi yangu ni kufunga tairi, Tabata. Alisema hakutaka kunisumbua. Alijua tu ningemwuliza: gari linatembea wapi?

Linatembea ofisini, sokoni na kanisani. Mara moja kwa mwaka linakwenda Mlimba kwa mama yangu, ambaye kwake ni mama mkwe. Kwa gari la namna hiyo unafunga A/T, tairi za njia zote. Meno yake yamekaribiana, na juu yake kuna vichanjo vyembamba vinavyoishika lami mvua ikinyesha. M/T, yaani hizo za matope, imeachiwa mapengo mapana ili tope litoke, na kwenye lami mapengo hayo hayana kazi. Raba inayogusa barabara ni kidogo, breki kwenye maji zinachelewa, na usipozungusha tairi mbele na nyuma kila kilomita 8,000 hadi 10,000, meno yanalika upande mmoja na kelele inaongezeka.

Muuzaji alimwonyesha herufi M+S ubavuni. "Hiyo ni Mbeya na Songea, bosi. Imepimwa njia hizo." M+S ni matope na theluji, na mtengenezaji hujiandikia mwenyewe bila kupimwa na mtu. A/T iliyokuwa rafu ya pili ilikuwa na alama ya mlima wenye chembe ya theluji, ambayo hutolewa kwa tairi iliyofaulu jaribio la theluji. Shemeji akauliza mlima ule ni wa nini. "Kilimanjaro, bosi. Hizo wanafunga watalii." Shemeji hakutaka kufanana na watalii.

Saizi ya kiwandani ya Hilux yake ni 265/65R17. Muuzaji hakuwa nayo kwenye M/T, akampa 285/70R17, pana na ndefu zaidi, na kumwambia inaingia. Kuingia iliingia. Ukikata stelingi mpaka mwisho, meno yalikuwa yanakula plastiki ya ndani ya madigadi, fundi akaikata kwa kisu, na shemeji akaona huo ndio ufundi. Spea haikubadilishwa kwa sababu tairi yenye kipenyo cha sentimita 83 haikukubali kukaa chini ya bodi mahali palipotengenezewa ya 78. Nami nilisoma tarakimu nne za mwisho za DOT, ile namba ya kiwandani ubavuni: mbili za wiki na mbili za mwaka wa kutengenezwa. Tairi moja kati ya hizo "mpya" ilitoka kiwandani kabla mwanawe wa pili hajazaliwa, na mtoto huyo yuko darasa la pili.

Safari ya kumrudisha mama Mlimba ilianza vizuri hadi tulipotoka kwenye foleni za Kibaha. Kwenye 80 tairi zikaanza kulia. Mama, aliyeketi mbele, alisikiliza kwa muda mrefu, halafu akasema kwa upole, "Baba Neema, gari lako linaumwa."

"Hapana mama, ni tairi."

"Tairi hazilii."

Kuna namna ya kulipima jambo hili bila kufungua nati hata moja. Ukiwa kwenye mwendo, yumbisha stelingi kidogo kushoto na kulia. Mlio wa beringi hubadilika kadiri uzito unavyohamia upande mmoja. Mlio wa tairi za meno haujali stelingi, unabadilika barabara inapobadilika, lami ya zamani na lami mpya. Nililisema hili kutoka kiti cha nyuma. Lakini mkwe habishiwi, basi Morogoro tukaingia gereji, beringi ya mbele kulia ikatolewa, ikawekwa nyingine. Tulipofika Doma gari likawa linalia vilevile.

"Basi ugonjwa uko upande wa pili," akasema mama.

Mikumi tukabadilisha na ya kushoto.

Kabla ya hapo tulikuwa tumepigwa tochi, kwenye kijiji chenye kibao cha 50. Dashibodi ilisoma 50, tochi ya afande ikasoma 53. Shemeji akashuka na kueleza vizuri kabisa: tairi imeongezeka kipenyo kwa asilimia 7, inakwenda mbali zaidi kila inapozunguka, spidomita haina habari, kwa hiyo ikisema 50 gari liko kwenye 53 na ushee. Afande alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hesabu nzuri," akasema. "Kwa hiyo unakiri." Elfu thelathini.

Ifakara tulifika mvua imeshamaliza kazi yake. Barabara ya kwenda Mlimba wakati huo ilikuwa ya udongo, na kuelekea Mngeta kulikuwa na vipande vya udongo mweusi wa mbuga, ule unaonata ukiwa umelowa na kupasuka ukikauka. Nikamwambia shemeji tupunguze upepo, kutoka PSI 35 hadi 20. Tairi ikilala kidogo, alama yake chini inakuwa ndefu, gari linaelea badala ya kukata, na meno yanajikunja na kutema tope. Hilo ni muhimu zaidi kwa tairi kama zake za plai 10, za kubebea mizigo mizito, ambazo ubavu wake ni mgumu kiasi kwamba upepo ukiwa 35 hazijui kama zimebeba gari.

"Shem," akasema, huku akimtupia mama jicho, "hizi ni za matope. Tope ndilo chakula chake."

Akaweka H4, magurudumu yote manne yavute, akakanyaga mafuta.

Nitazitetea tairi hapa. Zilifanya kazi yake. M/T hujisafisha kwa kuzunguka kasi, na zilijisafisha: tope lilipaa juu ya kioo, juu ya mabegi, juu ya mzee mmoja aliyekuwa amesimama na baiskeli. Ila tairi inayotema udongo kwenye tope lisilo na sakafu inachimba. Na kila alipoona gari halisogei, shemeji aliongeza mafuta. Tulishuka polepole, kwa heshima, mpaka difu ya nyuma, lile bonge la chuma katikati ya ekseli, ikakaa juu ya tuta la katikati. Difu ikishakaa, aina ya tairi haina maana tena, hata ukifunga za trekta zitazunguka bure. Pa kuachia mafuta ni pale tairi inapozama hadi nusu ya ubavu. Ukiwahi hapo, unarudi nyuma kwa njia uliyojia.

Mama alivua viatu, akashuka, akazunguka gari. Amelima mpunga maisha yake yote. Akalitazama shimo la gurudumu la nyuma, lililokwisha kujaa maji.

"Baba Neema, hapo panatosha. Tunaweza kupandikiza."

Ikapita Noah yenye tairi kipara, abiria wakiisukuma pembeni kwenye majani, dereva amepunguza upepo mpaka tairi zimebonyea. Ikapita bodaboda iliyofungwa mnyororo kwenye tairi la nyuma. Mama akaisimamisha, akajifunga khanga vizuri, akapanda. "Nitawawekea maji ya kuoga," akasema, wakaondoka.

Mkwe alipokwenda, shemeji akapata nafasi ya kutukana. Baada ya hapo tukafanya kazi. Jembe tuliazima: unachimba tope la mbele ya kila tairi na lile la chini ya difu, unaweka mteremko mdogo ili gurudumu lipande badala ya kugonga ukuta. Upepo tukaushusha hadi 18. Chini ya tairi tukashindilia matete na magunia mawili ya pumba. Halafu L4, yaani manne yakivuta kwa gia nzito, gia ya pili, mguu mwepesi. Gari likacheza, ila halikutoka.

Kukaja trekta. Hapa nilikuwa nyuma nafukua, sikuona shemeji alikofunga kamba. Kamba hufungwa kwenye ndoano ya chesesi, iliyo chini mbele, na wakati huo ilikuwa imezikwa. Mikono ya shemeji haikupenda kuingia humo. Akafunga kwenye bampa la chuma la urembo, lenye kung'aa, alilonunua siku moja na tairi. Kijana wa trekta akaingiza gia. Pakatoka mlio mmoja tu. Trekta likaondoka, na bampa likaondoka nalo kwa heshima zote, likiburuzwa na taa zake mbili, hadi ng'ambo ya tope, ambako kijana alisimama, akageuka kupokea hela, akatukuta tuko palepale.

Mara ya pili tulichimbua ndoano. Watu wote wakasogea mbali na kamba, maana ikikatika ikiwa imekaza inakata na mguu. Tukatoka kwa mvuto mmoja.

Kabla ya Mlimba kisiki kilitoboa ubavu wa tairi ya nyuma, ile ya rika la darasa la pili. Pancha ya ubavu haizibwi kwa kiraka ikategemewa. Spea ilikuwa ile ya 265/65, fupi kwa sentimita 5. Ukiiweka nyuma, difu inafanya kazi ya kukata kona safari nzima hata ukienda moja kwa moja. Tulihamisha nzima ya mbele ikaenda nyuma, spea ikakaa mbele, tukatembea na H2, ya nyuma tu yakivuta. H4 tuliingiza pale penye utelezi tu, ambako magurudumu yana nafasi ya kuteleza na kusameheana. Ukiiingiza kwenye udongo mkavu tairi zikiwa hazilingani, shafti zinajipinda mpaka nobu inakataa kutoka. Tukaingia uani kwa mama usiku, gari limeinama upande wa dereva, halina bampa. Maji ya kuoga yalikuwa yamepoa.

Kurudisha upepo kulituchukua asubuhi yote. Kompresa ndogo ya shemeji, ya kuchomeka kwenye tundu la kiwashia sigara, iliunguza fyuzi kwenye tairi ya kwanza, ndiyo maana zenye nguvu hubanwa moja kwa moja kwenye betri. Pampu ya baiskeli ya jirani ilikataa, vali ya baiskeli ya Phoenix ni tofauti na ya gari. Ya bodaboda ndiyo inayoshika. Watoto wa mtaa walipampu kwa zamu, wakihesabu kwa sauti, na shemeji akiwalipa kwa soda.

Tairi zile tatu zilizosalia alizinunua mtu anayebeba magogo Mufindi, ambaye lami anaiona Krismasi. Kwake ni mali halali. Shemeji nikamfungia A/T, 265/65R17, zenye mlima wake ubavuni, na spea ya tano inayolingana. Pasaka mama akaja Dar, tukamfuata stendi. Gari lilikwenda kimya hadi Kimara.

"Naona limepona," akasema mama.

"Limepona, mama."

"Si nilikwambia ni beringi?"

Shemeji alinitazama kwenye kioo cha kati, akashusha pumzi.

"Ni kweli, mama. Zilikuwa beringi."