Shimo Tupu Nalo Ni Mali

Nikikaa na wachimbaji wadogo kule Geita, mazungumzo huishia palepale: "Dhahabu ya juu imeisha bwana, iliyobaki ni ya wazungu na mitambo yao." Nusu ya kwanza siipingi. Jiwe jeupe lenye kutu, lile unalolipiga nyundo, ukaliponda kinuni, ukaliosha kwenye karai na kuona rangi, limeshapigiwa maduara, yaani mashimo ya uchimbaji, tangu enzi za Mjerumani. Nusu ya pili ndiyo inayonikera. Mtambo wa kuchoronga, yaani kutoboa shimo jembamba refu hadi kwenye mwamba, hata Mwanza unakodishwa. Wenzetu wanatuzidi kwa kitu cha bei rahisi zaidi: hawazitupi ovyo kumbukumbu za mashimo yaliyotoka kapa.

Twende Australia Kusini. Katika ranchi ya Roxby Downs palikuwa na lambo la kunyweshea mifugo lililoitwa Olympic Dam, kwa heshima ya Olimpiki ya Melbourne ya 1956. Ungepita hapo ungeona mchanga mwekundu na vichaka, basi. Chini yake kuna mita kama 350 za miamba ya mashapo, yaani ya mchanga na tope lililogandamana, mikavu, isiyo na dalili yoyote ya shaba. Nyundo na karai hapo havina kazi.

Kampuni ya Western Mining iliingia na hoja iliyotoka kwenye tasnifu ya uzamivu ya Douglas Haynes: lava kuukuu ya basalti ikioza, shaba iliyomo huachiliwa, husafiri na maji ya chini ya ardhi, ikaenda kutuama kwenye mashapo ya jirani. Walichokuwa nacho kichwani ni shaba iliyolala kwenye tabaka, mithili ya ile ya Zambia. Wakachukua vipimo vya sumaku na vya mvutano wa dunia vilivyokwisha kufanywa na taasisi ya serikali yao, wakatafuta mahali palipoonekana kuna kitu kizito chenye sumaku kilichojificha chini, wakidhani ndiyo hiyo lava.

Shimo la kwanza, RD1, lilichorongwa Julai 1975. Lava waliyoitarajia hawakuikuta. Walikuta mwamba mwekundu mzito wa chuma, uliovunjikavunjika na kugandana tena, na ndani yake mita 38 zenye shaba ya asilimia 1 hivi. Wakaendelea. Mashimo mengi yaliyofuata yalikuwa ya kuvunja moyo, mengine matupu kabisa. Novemba 1976 ndipo RD10 likatoa mita 170 zenye shaba ya zaidi ya asilimia 2. Leo unauliza habari za Olympic Dam unaambiwa shaba, dhahabu, fedha, na akiba kubwa kuliko zote duniani ya urani mahali pamoja.

Yaani hoja ilikosea, shimo likapatia! Kila nikisimulia hivi mtu husema "bahati". Bahati gani inayovumilia mashimo tisa? Walijua kila shimo limewaambia nini, mita kwa mita, hata lile lisilo na kitu.

Niwaeleze kidogo kuhusu huo mvutano, maana ndio macho ya anayetafuta chini ya kifuniko kinene. Chuma cha aina ya hematiti kina uzito wa karibu mara mbili ya granaiti. Mlima wake ukizikwa chini ya mita mia kadhaa za mashapo, mvutano wa dunia juu yake huongezeka kidogo mno, lakini kipimo kinaona. Chombo chenyewe, ambacho ni kama mizani, ni chepesi mno kuhisi. Kiinue mita moja tu na usomaji unabadilika kwa miligali 0.3 (miligali ni kipimo cha mvutano), ambayo haifiki hata sehemu moja ya milioni ya mvutano wote. Ndiyo maana timu inayopima mvutano hutumia jasho jingi kupima urefu wa ardhi pale kilipokaa chombo. Na baada ya taabu yote hiyo, mizani inakuambia kuna mzigo mzito, haikuambii umebeba nini. Hilo utalijibu kwa kuchoronga.

Na kuchoronga mita 500 si mchezo. Mwaka 2005 Rudy Gomez, mtafiti mwenye kampuni ndogo kabisa, alichoronga huko huko Australia Kusini mahali panapoitwa Carrapateena, serikali ya jimbo ikichangia gharama kupitia mpango wake wa kuchochea utafutaji. Shimo la pili, chini ya mita zaidi ya 470, likakata mita 178 zenye shaba ya asilimia 1.83 pamoja na dhahabu. Oak Dam nako, kilomita 65 hivi kutoka Olympic Dam, kulishachorongwa miaka ya 1970 pakaachwa. Kampuni kubwa ya madini ya BHP ilirudi, na mwaka 2018 ikatangaza shaba nono kuanzia kina cha zaidi ya kilomita moja. Walijua pa kurudi kwa sababu ya mashimo ya zamani.

Miamba ya mashimo hayo, ile inayotoka kwenye bomba ikiwa na umbo la mchi, imepangwa kwenye ghala la serikali pale Tonsley, Adelaide. Ni mamilioni ya mita. Mtu yeyote anaweza kuomba aletewe trei mezani, aimwagie maji, aitazame upya kwa macho ya nadharia mpya.

Kwetu kifuniko ni kingine. Kanda ya Ziwa tuna udongo mweusi wa mbuga, mahali pengine mita chache, pengine makumi ya mita, na chini yake miamba ileile ya kijani iliyobeba dhahabu ya Geita. Nakiri mizani ya mvutano haitatusaidia kama kule: gramu chache za dhahabu ndani ya tani ya mwamba hazivuti chochote. Lakini sumaku inatuonyesha miamba inapopinda chini ya mbuga, na serikali imesema inataka kurusha ndege za vipimo vya kisasa hadi nusu ya nchi ifikapo 2030. Naunga mkono kwa mikono miwili. Ila ramani ya angani bila mashimo ya kuifasiri ni picha tu ya ukutani.

Na mashimo tulikuwa nayo. Niliwahi kufanya kazi kwenye kambi moja ya utafutaji, tukachoronga msimu mzima, hesabu ikakataa, kampuni ikafunga virago. Taarifa ya karatasi iliandikwa. Miamba yenyewe ikabaki bandani. Niliporudi miaka mitatu baadaye mabati ya banda yalikuwa yameshang'olewa, trei za mbao zimegeuzwa banda la kuku, tena zuri, na vile vibati vya namba bado vimepigiliwa pembeni. Miamba ilikuwa imemwagwa kwenye njia ya kwenda kisimani ili watu wasikanyage tope. Sikumlaumu mama mwenye kuku. Hakuna aliyemwambia ni nini, na mbao zilikuwa zinaliwa na mchwa.

Niliokota kipande kimoja nikakileta nyumbani, nakizuilia mlango. Kimeandikwa 187.40 kwa kalamu ya rangi, yaani kimetoka mita 187 chini. Kina chembe mbili tatu za salfaidi, madini yenye salfa, zinang'aa ukikilowesha. Namba ya shimo ilikuwa kwenye trei.