Hadena ya faiba: mbona haijawahi kunilipukia?

Ubishi wa hadena, dawa ya kugandisha resini (gundi inayoshika nyuzi za faiba), kama ni ya hatari au la, hauishi. Kuna fundi wa faiba, mtu wa boti na matangi na bampa, kachanganya resini miaka 15, anapima hadena kwa kifuniko cha chupa, macho wazi mikono wazi, na ukimletea karatasi ya usalama anakuuliza swali moja tu: mbona haijawahi kunilipukia? Halafu kuna yule bwana wa usalama anayezunguka na karatasi yake, usiweke juani, usikaze kifuniko, usirudishe iliyobaki, usiweke karibu na kobalti (dawa ya kuharakisha resini kuganda), usi, usi, usi, mpaka watu wanamkwepa wakimwona mlangoni. Mimi nataka nimtetee huyu wa pili, lakini fundi naye nimpe haki yake kwanza maana hasemi uongo.

Hadena inayozungumzwa hapa ni MEKP, ile ya majimaji kama maji, jina lake refu methili ethili ketoni peroksaidi. Kwenye chupa haiko tupu, mara nyingi ni kama theluthi moja hivi ya peroksaidi na kilichobaki ni mafuta ya kuituliza, kwa hiyo wanaosema fundi anatembea na bomu mfukoni wanatia chumvi. Kazini inaingia asilimia 1 mpaka 2 ya uzito wa resini, yaani kilo moja ya resini inataka gramu 10 mpaka 20, kidogo sana, na ikishaingia humo inafanya kazi yake inaisha. Hata ndugu yake, benzoili peroksaidi, iko kwenye krimu za chunusi kwa asilimia 2.5 mpaka 10, watu wanajipaka usoni wanalala. Kwa hiyo fundi akisema dawa hii inatumika kila siku na dunia haijateketea, yuko sawa kabisa. Na woga usio na maarifa nao una madhara yake. Nilishaona mtu aliyesoma neno mlipuko mahali, akaichukua chupa ya hadena akaifungia kwenye kisanduku cha chuma, akakaza mfuniko usipitishe hata hewa, akakiweka kwenye buti la gari juani ili "kisidhuru mtu". Yaani kila alichofanya ni kinyume. Hewa inayotoka pole pole kwenye hiyo dawa inataka pa kupitia, ndiyo maana chupa zake za kiwandani huwa na kifuniko kinachopumua, na joto ndilo adui yake namba moja.

Sasa hapo kwenye joto ndipo fundi na bwana wa usalama wanapopishana, na mimi naona watu hawajamwelewa yule bwana kwa sababu anaongea amri bila kutoa sababu.

Peroksaidi ina kiungo kati ya oksijeni mbili ambacho ni dhaifu, na huo udhaifu ndio tunaoununua, bila huo resini isingeganda. Lakini kiungo hicho hakingoji resini. Kinavunjika chenyewe polepole hata chupa ikiwa imekaa tu, na kila kikivunjika kinatoa joto, na joto hilo linavunja vingine. Ikiwa joto linatoka haraka kuliko linavyozaliwa, hakuna neno, dawa inazeeka tu. Likizaliwa haraka kuliko linavyotoka, mambo yanaanza kujisukuma yenyewe na hapo huna breki. Kuna kipimo cha hiyo hatua, wataalamu wanakiita SADT: unachukua kifurushi cha dawa kama kinavyouzwa, unakiweka kwenye chumba chenye joto lisilobadilika, unaangalia siku 7. Kiwango cha chini kabisa cha joto la chumba ambacho katikati ya kifurushi kinapanda nyuzi 6 kupita chumba chenyewe ndani ya hizo siku, hicho ndicho SADT yake. Kwa MEKP za kawaida za sokoni ni karibu nyuzi 60.

Rudia kusoma hapo, kifurushi kama kinavyouzwa. Mimi hii ndiyo inayoninyima usingizi, na sijaona fundi hata mmoja aliyewahi kuelezwa. Namba ile si ya dawa peke yake, ni ya dawa na chombo chake. Chukua kikombe cha maji ya moto na pipa la maji ya moto, vyote kwa nyuzi zile zile, viache usiku kucha, asubuhi kikombe kimepoa zamani na pipa bado lina uvuguvugu. Joto la katikati ya pipa halina njia fupi ya kutoka. Basi hadena ni hivyo hivyo, ila yenyewe inazidi kujipasha. Ukihama kutoka chupa ya gramu 100 kwenda keni ya kilo 25, joto ambalo hatari inaanzia linashuka, dawa ni ile ile, lebo ni ile ile, lakini joto la chumba ambalo chupa ndogo ilikuwa inalivumilia keni kubwa huenda isilivumilie. Na hizo siku 7 nazo zifikirie vizuri. Maana yake keni inaweza kukaa Jumatatu, Jumanne, Jumatano, haitoi moshi haitoi sauti, halafu Ijumaa ndiyo inaamka. Wewe ulishahakikisha Jumatatu kwamba iko salama!

Kwa hiyo miaka 15 ya fundi ni miaka 15 ya chupa ndogo. Uzoefu wake ni wa kweli lakini haupandi ngazi. Siku kazi ikikua akaagiza keni nne akazipanga kwenye stoo ya bati isiyo na dirisha, anakuwa mgeni kwenye dawa aliyoizoea, na hajui kama amekuwa mgeni.

Mwaka 2017 huko Crosby, Texas, kiwanda cha Arkema kilikuwa na peroksaidi za aina inayotaka ubaridi mkali muda wote. Kimbunga Harvey kikaleta mafuriko, umeme ukakatika, jenereta za akiba nazo zikazama, wafanyakazi wakahamishia mzigo kwenye matrela ya friji na mwishowe matrela nayo yakashindwa kupoza. Hawa ni watu waliojua dawa yao nje ndani. Wakakaa kusubiri, maana hakukuwa na cha kufanya. Tarehe 31 Agosti trela la kwanza likawaka lenyewe, kesho yake mawili mengine, na Septemba 3 yaliyobaki sita yakachomwa kwa makusudi ili shughuli iishe. Zaidi ya watu 200 walihamishwa makazi yao ndani ya duara la kilomita 2.4, na watu 21 wakatafuta matibabu kwa sababu ya moshi. Hakuna aliyewasha kiberiti. Tofauti na hadena yetu ipo, zile zinavunjika hata kwa joto la kawaida ambalo MEKP inalivumilia bila shida, lakini namna ya kuvunjika ni moja.

Na Tokyo, mwaka 1964, wilaya ya Shinagawa, moto ulianza kwenye nitroselulosi, kemikali inayoshika moto haraka, iliyowekwa nje, zimamoto wakafika, kumbe ghala la jirani lina MEKP. Wazimamoto 19 walikufa ilipolipuka. Ndiyo maana yule bwana anasumbua kuhusu kuandika mlangoni ndani kuna nini. Anayekuja kuzima hajui, na peroksaidi inabeba oksijeni yake yenyewe, kuifunika ikose hewa hakuiondolei hatari.

Hoja nzito ya fundi bado ipo na siwezi kuipita. Anasema hizi kanuni zimeandikwa kwa wenye ghala la kiyoyozi, mimi nina kibanda, nitafuata lipi? Kweli, ukimsomea yote mfululizo atatupa karatasi. Lakini ukitazama vizuri, mengi hayataki hela. Kununua chupa ndogo na kuimaliza badala ya kujaza stoo, hilo peke yake linamwondolea ile shida ya pipa. Kuiweka kivulini mbali na resini, mbali na chuma chenye kutu na shaba. Kutorudisha kilichobaki kwenye kikombe, maana chembe ya kutu au tone la kobalti likiingia kwenye chupa linafanya kazi ya joto bila joto. Kobalti na hadena vikikutana vyenyewe kwa vyenyewe vinaweza kulipuka hapo hapo, kila kimoja kinaingia kwenye resini kwa zamu, cha kwanza kichanganywe kikolee ndipo kingine kifuate. Iliyomwagika isifutwe kwa tambara la pamba na kutupwa kwenye pipa la vumbi la mbao, huko itakaa na kujipasha na jioni pipa linafuka.

Hapo ambapo fundi sina la kumtetea ni macho. Resini ikiruka utaisugua mkono utachubuka, hadena ikiruka jichoni inaunguza na inaweza kukuachia upofu, na kuosha kunatakiwa kuanze sekunde hiyo hiyo, maji mengi, dakika 15 au zaidi, halafu hospitali. Miwani ya kinga inaingia mfukoni. Sababu ya kutoivaa sijawahi kuisikia ikiwa na maana, labda kwamba inatoa jasho.

Na chupa ya maji ya kunywa. Hadena mara nyingi haina rangi, inafanana na maji kabisa, na watu wanaigawia kwenye chupa za maji ili kubebeana. Imeshanywewa kwa makosa, na ikinywewa inaunguza koo na tumbo na inaua. Tena chupa hiyo ina kifuniko cha kubana, haipumui. Siku moja nilipita kwenye karakana nikaikuta moja dirishani, jua linaipiga, kitako chake kimevimba hadi imesimama upande kama mlevi. Fundi akanyoosha mkono afungue kifuniko "itoe gesi". Nikamwambia usiiguse, tukatoka wote nje, akampigia aliyemuuzia, na tukakaa chini ya mti tukiliangalia lile dirisha hadi wakaja.