Kiazi kisicholiwa na nondo: je, Afrika Kusini ilikosea kukikataa?

Mwaka 2009 Afrika Kusini ilikataa kuruhusu kiazi kiitwacho SpuntaG2 kiingie sokoni. Kilitokana na Spunta, aina ya Kiholanzi, iliyotiwa jeni ya bakteria Bacillus thuringiensis. Jeni hiyo humuua kiwavi wa nondo wa viazi, ambaye huchimba ndani ya jani, hupenya shina, kisha hutoboa kiazi chenyewe, shambani na ghalani.

Watafiti walikuwa na hoja nzito. Katika majaribio, kinga ilifanya kazi kwenye jani na kwenye kiazi pia, na hayo ni mambo mawili tofauti. Solanum berthaultii, jamaa wa kiazi wa mwituni kutoka Bolivia, ana vinyweleo vyenye utomvu unaonasa wadudu, lakini vinyweleo hivyo haviko kwenye kiazi chenyewe. Wala kuzalisha aina mpya kwa njia ya kawaida, yaani kuchanganya mimea bila kuhamisha jeni, hakuna uhakika wa usalama. Lenape, aina iliyotolewa Marekani mwaka 1967 kwa kuchanganya na kiazi cha mwituni, iliondolewa mwaka 1970 kwa kuwa sumu zake za asili zilizidi kiasi.

Waliopinga walisema nondo si adui mkuu wa mkulima mdogo. Wana haki. Kupata maji, mbolea na mbegu (viazi vya kupandia) isiyo na magonjwa humsumbua zaidi. Tena nondo hutagia viazi kupitia nyufa za udongo, kwa hiyo kupandishia udongo, kumwagilia vizuri na kutoacha viazi vilivyovunwa wazi shambani usiku hupunguza hasara bila mbegu mpya.

Ila mbinu hizo zinakomea mlangoni mwa ghala, na hapo ndipo nisipokubaliana nao. Mkulima asiye na ghala la baridi hutunza mbegu yake kwenye joto, nondo akizaliana humo kizazi baada ya kizazi. Hasara ya huko haionekani kwa anayehesabu majani yaliyotobolewa, wakati mmea wa kiazi huweza kupoteza sehemu ya majani na bado ukazaa vizuri.

Ningekiruhusu kiazi hicho kwa masharti: mkulima awe huru kutunza mbegu yake, na aina za kawaida ziendelee kupandwa jirani. Kinga ya jeni moja ikienea kila shamba, viwavi wachache wanaoistahimili ndio watakaobaki kuzaliana.