Tustroki kwenye mchanga wa Mambrui: kabla hujauza fostroki yako

Jamaa yangu mmoja hapa Malindi amepata mnunuzi wa Raptor 700 yake, na pesa hizo anataka kununua Banshee. Kwa asiyezijua, zote mbili ni kwadi za Yamaha, pikipiki za magurudumu manne za kukimbizana. Raptor ni fostroki ya silinda moja, cc 686, mafuta yake yanapimwa na kompyuta. Banshee ni tustroki ya silinda mbili, cc 347, kabureta mbili za milimita 26, giya sita, na stata haina; unapiga kiki. Marekani iliuzwa kuanzia modeli ya 1987 hadi ya 2006, sheria za moshi za huko zilipoanza kubana. Hiyo aliyoonyeshwa kwenye simu ni ya 2003. Anataka nimwambie ndiyo au la, na tayari ana orodha ya vitu vya kuiongezea nguvu. Cha kwanza kwenye orodha ni ekzosi.

Namwelewa. Anayeijua raha ya tustroki hahitaji kushawishiwa. Fostroki huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili ya kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Tustroki huwaka kila mzunguko. Ndiyo maana injini ndogo hivyo inathubutu kushindana na iliyo karibu maradufu yake. Na haitoi nguvu zake kwa upole. Chini imelala, unadhani ina ugonjwa, halafu ikishapanda mizunguko inaamka yote kwa mpigo na magurudumu ya mbele yanaacha ardhi. Ukishavuka daraja la Sabaki ukaingia kwenye vilima vya mchanga vya Mambrui, ule mlio wake mwembamba unausikia kabla hujamwona mwenyewe. Injini yenyewe asili yake ni ya pikipiki ya barabarani, RZ350, na tabia hiyo ya barabarani haijaiacha.

Kuna hoja nyingine ambayo kwetu ina uzito kuliko Nairobi. Pwani hii inajua tustroki. Mashine za boti wanazofunga wavuvi wetu, zile Enduro za Yamaha, nyingi ni tustroki, na mafundi wake wamekuwa wakizifungua chini ya mwembe tangu sisi hatujazaliwa. Banshee haina valvu wala kemshafti. Unatoa hedi, unainua silinda, unaona kila kitu. Pistoni na ringi mpya zinaingia alasiri moja. Raptor ikigoma kwa sababu ya sensa, fundi huyo huyo ataizunguka mara tatu, kisha akwambie umtafute mwenye kompyuta.

Lakini ujuzi huo una mtego, nao ni oili, ambayo kwa tustroki unaichanganya ndani ya petroli. Mvuvi anachanganya 50 kwa 1, yaani mililita 200 za oili kwa lita 10 za petroli, na oili yake ni ya boti, TC-W3, iliyotengenezwa kwa injini inayopozwa na maji ya bahari muda wote. Banshee nayo ina rejeta na maji yake, ila inazunguka kwa kasi zaidi na inakaa kwenye joto zaidi. Wengi wanaoziendesha kwa nguvu wanachanganya 32 kwa 1, karibu mililita 310 kwa lita hizo hizo 10, na oili ya pikipiki yenye alama ya JASO FD, daraja la Kijapani la oili za tustroki. Ukienda dukani ukasema tu "nipe oili ya tustroki", utapewa ya boti. Si kosa la muuzaji, ndiyo inayotoka.

Sasa nieleze la kwangu, maana ndilo lililonifundisha. Niliwahi kununua tustroki ndogo iliyokuwa ikiendeshwa Nairobi. Ililetwa kwa lori, ikashushwa, ikawaka kwa kiki ya pili. Niliipeleka ufukweni siku hiyo hiyo. Dakika kama ishirini hivi, niko giya ya juu, gurudumu la nyuma likakaza kama nimekanyaga breki, nikaruka. Injini imenoki. Fundi wa mashine za boti alichomoa plagi, akaigeuzageuza kwenye jua, akanipa. Nilitarajia nyeusi. Ilikuwa nyeupe kama chaki, na ukingo wa chuma umeanza kuota vipele vidogo vinavyong'aa. "Hii haikufa kwa mwendo," akasema. "Imekufa kwa njaa."

Njaa ya petroli. Nairobi iko mita 1,700 na ushei juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko yetu kwa kama asilimia 15. Jeti za kabureta, vile vitundu vya kupimia petroli, zilizopimwa kwa hewa ile, ukiziteremsha hadi Malindi zinakuta hewa nzito na petroli ile ile kidogo. Mchanganyiko ukipungua petroli, moto unazidi, pistoni inatanuka mpaka inakwaruza silinda. Na kwa tustroki msiba ni mara mbili, kwa sababu oili inakuja ndani ya petroli: ukiinyima petroli umeinyima na oili. Kompyuta ya Raptor ingesoma hewa na kurekebisha yenyewe, nami nisingejua hata kama kuna tofauti. Kwa kabureta, kompyuta ni wewe. Jeti kubwa zaidi, plagi mpya, unakimbiza gesi yote, unazima hapo hapo kwa klachi, unachomoa plagi na kusoma rangi. Ya kahawa yenye maziwa, umepata. Nyeusi na imelowa, punguza. Nyeupe, usithubutu kuwasha tena.

Ndiyo maana orodha ya jamaa yangu inanisumbua, si kwa vitu vilivyomo bali kwa mpangilio wake. Ekzosi ya tustroki si bomba la kutolea moshi tu. Lile tumbo lake limepimwa ili wimbi la msukumo lirudi na kusukuma ndani mchanganyiko mbichi uliokuwa unatoroka. Ukibadilisha tumbo, umebadilisha mizunguko ambayo injini inapumua vizuri, na karibu kila mara inadai jeti kubwa zaidi. Kufunga ekzosi ya mbio huku jeti ni zile za kiwandani ni kurudia msiba wangu, tena kwa gharama kubwa. Vivyo hivyo ridi, vile vijani vyembamba vya kuruhusu hewa iingie bila kurudi nyuma: nzuri, bei yake inavumilika, na ukizichoka unarudisha za zamani. Kuchonga matundu ya silinda ni habari tofauti. Chuma kilichotoka hakirudi, na ukikosea unatafuta silinda nyingine. Kukata hedi ili kubana zaidi, au kusogeza taimingi, wakati wa plagi kutoa cheche, mbele digrii nne kama wanavyofanya wengi, kunataka petroli bora kuliko ile ya bei ya chini kwenye pampu. Wa kwenda kilomita tano ufukweni Jumapili hahitaji hayo.

Kitu ambacho hakimo kwenye orodha yake ni filta. Kinyume chake, amepanga kuondoa kifuniko cha sanduku la hewa "ipumue". Huku kwetu! Kusi ikivuma, mchanga wa Mambrui unatembea wenyewe juu ya ardhi, mwembamba kama unga. Kwenye fostroki hewa inaingia moja kwa moja kwenye silinda. Kwenye tustroki inapita kwanza tumboni mwa kranki, inagusa beringi zote, ndipo inapanda juu. Punje unayoiruhusu kuingia inasaga njia nzima. Mimi ningetoa pesa ya kwanza kwenye filta nzuri ya sponji yenye oili yake na soksi ya kuivalisha, ya pili kwenye seti ya jeti, ya tatu kwenye shokabzoba na tairi za makasia za mchanga. Kwa mwendo wa vilimani hizo zinakupa zaidi ya ekzosi yoyote.

Upande wa Raptor una hoja moja ambayo wapenzi wa tustroki huikwepa: kushuka. Ukiachia gesi kwenye mteremko wa mchanga, fostroki inakushika. Tustroki inateleza tu, na zaidi ya hapo, gesi ikiwa imefungwa huku magurudumu yanaizungusha injini kwa kasi, oili haiji. Dawa ni kukamata klachi au kuigusa gesi kila baada ya sekunde chache, lakini hilo ni jambo la mkono uliozoea. Mgeni aliyekodi kwa saa moja hatalijua. Kwa hiyo kama jamaa angekuwa na biashara ya kukodisha watalii, ningesema la, na mjadala ungeisha.

Kuhusu makelele sina mengi. Mambrui ni mji wa watu na wa misikiti, na mlio ule saa ya swala hauna utetezi. Kasa ni suala zito zaidi: anataga juu ya mstari wa maji, mayai yanakaa kama miezi miwili, na magurudumu yakipita juu yanayabana huku alama za tairi zikigeuka mitaro inayowanasa vifaranga wakielekea baharini. Lakini hilo fostroki nayo inalitenda sawasawa. Anayetaka kupita apite kwenye mchanga mbichi chini ya alama ya maji kujaa, au akae vilimani nyuma, mbali na ufuko.

Basi nimemjibu hivi: nunua, ikiwa ni yako peke yako na uko tayari kunuka petroli kila Ijumaa jioni. Mwaka wa kwanza usiongeze nguvu yoyote. Pima jeti za hapa, vaa filta, jifunze kusoma plagi. Akasema amenielewa, nina hekima, atafuata. Jana usiku akanitumia picha ya ekzosi mbili za kromu, na swali moja tu chini yake: zitang'aa muda gani kwa chumvi ya huku?