Sifuri ya wastani na daftari la mtoto kiziwi

Walimu wetu wana kawaida ya kuandika "USIFUTE" kwenye kona ya ubao na kuizungushia mstari, ili anayeingia kipindi kinachofuata asiiguse kazi iliyobaki. Mwaka juzi, katika shule moja ya msingi huku wilayani Newala, nilifungua daftari la hisabati la mvulana kiziwi wa darasa la tatu. Mwandiko wake ulikuwa safi kuliko wa wenzake wote wa dawati lile. Tarehe ipo, maswali yapo, na kati ya swali la nne na la tano, kwa herufi kubwa, lipo neno USIFUTE, na mstari wake kauzungusha vilevile. Pembeni, vema nyekundu ya mwalimu.

Kwenye takwimu, mvulana huyo amejumuishwa.

Nimelikumbuka daftari lile kwa sababu kila ikiitishwa semina ya elimu jumuishi, ile ya kuwasomesha watoto wenye ulemavu pamoja na wenzao, iwe Mtwara mjini au Lindi, hatoki mtu mpaka asikie kwamba vitengo vya watoto wenye ulemavu ndani ya shule za kawaida, na shule maalumu, ni ubaguzi, na kwamba dawa ni kuvifunga taratibu na kila mtoto asome shule ya kijijini kwao. Wanaosema hivyo si watu wa kubeza. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianza 1950, na ya viziwi ya Tabora 1963. Kwa miaka mingi, mtoto wa kusini mwenye ulemavu alikuwa na njia mbili tu: asafirishwe mbali na kwao, au afichwe ndani. Wapo waliotengwa kwa kosa la ngazi tatu mlangoni mwa darasa ambazo fundi mmoja angezigeuza mteremko kwa siku moja. Na kwenye kituo cha Buhangija kule Shinyanga, watoto wenye ualbino waliokusanywa ili wasiuawe walikaa, wengine kwa miaka, hata ndugu wakaacha kuwatembelea. Anayeogopa neno "maalumu" ana sababu zake.

Hata ile hofu ya wazazi, kwamba mtoto mwenye ulemavu atawarudisha nyuma wenzake, haina mguu wa kusimamia. Mwaka 2017 watafiti wa Poland waliunganisha matokeo ya tafiti 47, zenye wanafunzi wapatao milioni 4.8. Wale wasio na ulemavu waliosoma darasa moja na wenzao wenye ulemavu hawakupungukiwa; walizidi kidogo. Kwa hiyo mtoto wa magongo, mtoto mwenye uoni hafifu anayehitaji kukaa mbele na maandishi makubwa, hao wakae darasa la kawaida na tuache maneno.

Sasa ije ile sifuri. Mwaka 2022 ilitoka tathmini kubwa ya watafiti wa Denmark, iliyouliza jambo lenyewe: mtoto mwenye mahitaji maalumu akisoma darasa la kawaida badala ya darasa lililotengwa, anajifunza zaidi? Tafiti zilizokidhi vigezo zilikuwa 94. Wakazichuja kwa ubora, zikabaki 15. Wakazijumlisha, jibu likawa karibu na sifuri: kwa wastani, hapati zaidi wala hakosi zaidi, si kwenye masomo wala kwenye hali yake ya moyo.

Sifuri hiyo imenikosesha raha. Wapo walioisoma wakasema, basi, kama hakuna hasara, tuchague njia nafuu. Wengine wakasema kama hakuna faida, tusisumbuke. Wote wameisoma vibaya. Mkulima wa Tandahimba angewafundisha: bei ya wastani ya mnada wa korosho haimwambii kitu yule ambaye gunia lake limeshushwa daraja. Sifuri ya wastani inaweza kuwa na mtoto aliyepanda sana na mtoto aliyeporomoka sana, wamefutana kwenye karatasi, lakini kila mmoja yupo darasani kwake na hali yake. Watafiti wenyewe walitahadharisha hivyo: huenda kuna watoto wanaofaidika na darasa la kawaida, na wengine wanaofaidika na darasa maalumu. Na zile 79 zilizotupwa kwa udhaifu wake pengine ndizo nyingi ya tafiti tunazorushiana semina.

Mimi nadhani najua mmoja wa walioporomoka yuko wapi. Mtoto wa Kimakonde anayesikia huingia darasa la kwanza na Kimakonde chake, pengine na Kiswahili cha kuokoteza, na juu ya lugha hiyo ndipo mwalimu anajenga kusoma. Kiziwi huingia na ishara za nyumbani: kula, njoo, bibi, basi. Marekani, zaidi ya asilimia 90 ya watoto viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, nami sioni kwa nini Newala iwe tofauti. Hana aliyemrithisha lugha. Ukimweka peke yake kati ya watoto wanaosikia, na mwalimu anayeandika huku amewapa mgongo, umemkalisha karibu na wenzake na kumwacha mbali na somo. Atajifunza kunakili. Atanakili mpaka USIFUTE.

Wala si mimi niliyegundua hili. Sheria yetu ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inataka kila mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, isipokuwa pale inapohitajika mawasiliano maalumu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa tuliouridhia 2009, huo huo unaonukuliwa dhidi ya vitengo, unataka viziwi wafundishwe kwa lugha inayowafaa na utambulisho wao wa lugha ukuzwe. Lugha ya alama haikuzwi na mtoto mmoja aliye peke yake.

Nilikwenda pia kwenye kitengo cha viziwi chenye bweni, ndani ya shule ya kawaida. Hakikuwa pepo. Mwalimu mmoja aliyesomea Patandi, chuo cha ualimu wa elimu maalumu kule Arusha, alikuwa amepangiwa darasa la sita la kawaida kwa sababu "huko kuna upungufu". Lakini jioni, chini ya taa ya varanda, watoto kama ishirini walikuwa wanabishana mpira kwa mikono, wote kwa wakati mmoja, na mdogo wao mmoja akawa anaiga mwendo wa mwalimu wa zamu mpaka wenziwe wakaanguka kwa kicheko. Umeme ukakatika (tuko mkoa wenye gesi ya Mnazi Bay, lakini tuyaache hayo). Maongezi nayo yakakatika. Mmoja akaleta tochi, akammulika aliyekuwa anazungumza, zamu ikihama na mwanga unahama. Mvulana wa Newala hajawahi kuwa na mtu wa kummulikia.

Ninachokitetea kina deni kubwa, na halilipwi na serikali peke yake. Elimu ni bila ada tangu Januari 2016, lakini nauli haimo. Mama mmoja wa Tandahimba, binti yake yuko kwenye kitengo kile, aliniambia humfuata Desemba tu, fedha ya korosho ikishaingia. Likizo ya Juni binti hubaki na matroni. Bora kitengo kiwe karibu, kila halmashauri na chake chenye walimu wasiohamishwa hovyo, na mzazi alipiwe nauli pamoja na wiki moja ya kukaa shuleni kujifunza alama. Maana sasa mtoto hurudi nyumbani na lugha ambayo nyumba nzima haiijui.

"Mwalimu, zamani nilikuwa namwelewa mimi tu," mama aliniambia. "Siku hizi anazungumza mengi, na mimi ndiye nimekuwa kiziwi."

Akaniuliza korosho inasemwaje kwa alama. Sikujua. Binti alituona tunahangaika, akasogea. Mkono mmoja akaushika kama ameshika bibo, kwa vidole vya mwingine akainyonga mbegu ikatoka, akaitupia kwenye kikapu kisichokuwepo. Mama akajaribu. Binti akamshika kidole gumba, akakiweka sawa, akamwambia arudie.