Sikuomba pilau

Naanza na hilo kabisa. Aliyewarushia ile klipu na kuandika kwamba niliulizia pilau la msibani ni mwongo, na mwenyewe anajijua. Mengine yote, kwa bahati mbaya, ni kweli.

Safari mnaijua: Dar hadi Lushoto, kwenda kuangalia mandhari ya Irente, mwendo wa kistaarabu, tunasimama kila panapopendeza. Shosti wangu anaogopa tochi za trafiki za kupima mwendo kuliko anavyoogopa kifo. Toka Chalinze hadi Mombo, kila penye kibao cha 50 yeye anakwenda 40, asije akaacha 30,000 kwa trafiki. Mombo tukaanza kupanda mlima, kona juu ya kona, na Soni tukashuka kupiga picha maporomoko na kununua plamsi.

Gari letu ni IST ya silva. Nyie wenye IST za silva, mko wengi mno, mjitafakari.

Sasa narudi na mfuko wangu, macho kwenye simu, nachagua picha. Nafungua mlango wa mbele. Nakaa. Navua sendo, napandisha miguu kwenye dashibodi. Natafuna plamsi, mbegu natemea kiganjani. Bado niko kwenye simu: "Umepulizia nini humu? Kunanukia ubani kama msibani."

Kimya.

"Halafu kanyaga mafuta basi! Unaendesha kama tunasindikiza maiti. Irente tutaiangalia kwa tochi?"

Mtu akakohoa. Na kikohozi kile hakikuwa cha shosti. Nikateremsha simu polepole. Nikaona kanzu kwanza. Kisha mkono wenye tasbihi juu ya usukani. Kisha uso wa mzee, umetulia tuli.

"Maiti katangulia, mwanangu," akasema. "Sisi ndiyo tunawahi kuzika."

Miguu yangu iko palepale kwenye dashibodi. Naiona. Naiamuru ishuke, haishuki. (Kucha nyekundu, kwa mnaopenda kujua.) Nyuma wamekaa kina mama watatu, kanga hadi puani, na bibi wa katikati anamnong'oneza mwenzake, mnong'ono wa kusikika hadi Mombo: "Huyu mtoto wa nani? Wa ule upande wa Korogwe?"

Jamani, walidhani mimi ndugu! Walikuwa wananivumilia kwa ajili ya marehemu!

"Shikamoo mzee," nikasema. Ndiyo, shikamoo nimeikumbuka saa hiyo. Nikawapa pole wote, nikaacha plamsi kitini kama rambirambi, nikachomoka. Mwenye kiti chake akarudi kutoka kuchimba dawa, wakaondoka, tena kwa kasi kuliko sisi. Shosti kasimama hatua kumi tu, kaegemea gari letu halisi, simu juu, machozi yanamtoka kwa kicheko. Hakuniita hata mara moja.

Na mnaouliza mbona picha zangu zote za Irente zimekatwa magotini: sendo ya kushoto ilikwenda kuzika.