Nusu Maili ya Kilimanjaro: jirani si mtalii

Masharti ya kupanda Kilimanjaro ni makali. Tangu 1991 hupandi bila mwongozaji mwenye leseni. Mgeni kutoka nje analipa dola 70 za hifadhi kwa kila siku, mbali na ada ya kulala, dola 20 za uokoaji na VAT juu yake. Chupa za maji za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi, kuni hazichomwi kwenye njia yoyote, na mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20. Masharti hayo sina ugomvi nayo. Anayeona ni mengi aende akatazame kambi ya Barafu msimu wa wageni wengi, kisha aseme angeyapunguza wapi.

Ugomvi uko chini zaidi, kwenye msitu wa Kibosho, Machame, Old Moshi na Marangu, ambako mtalii hupita saa chache tu akiwahi juu.

Mwaka 1941 serikali ya kikoloni ilitenga ukanda wa nusu maili pembezoni mwa msitu ili Wachagga wapate kuni, majani ya ng'ombe na miti ya kujengea, na ukasimamiwa na baraza lao wenyewe. Hifadhi ya Taifa ilipotangazwa 1973 ilianzia juu, kwenye mita 2,700 hivi, na Nusu Maili ilibaki nje. Mwaka 2005 mpaka ulishushwa. Msitu wote ukaingia ndani, na ukanda ule pamoja nao. Tangu hapo mama mwenye mzigo wa majani kichwani anabanwa na sheria ileile ya hifadhi za taifa inayombana mgeni aliyepotea njia. Tofauti ni kwamba mgeni ana risiti.

Waliopanua hifadhi walikuwa na sababu, tena nzito. Wageni wanafuata theluji, lakini maji yetu yanatoka msituni: huko ndiko mvua na ukungu vinakonaswa, na mito inayoshuka kwenye mifereji ya vihamba, yaani mashamba yanayozunguka nyumba zetu, na hadi bwawa la Nyumba ya Mungu inategemea miti hiyo. Uchunguzi wa angani wa 2001 ulikuta zaidi ya mikulo 2,000, ile miti ya kafuri, imekatwa karibuni, pamoja na matanuri ya mkaa ndani ya msitu uliokuwa umehifadhiwa kwa maandishi. Na Nusu Maili yenyewe, tuseme ukweli, ilikuwa imechoka. Watu walikuwa wameongezeka mara nyingi kuliko 1941, lile baraza halikuwepo tena, na kila ofisi ilidhani nyingine ndiyo inayolinda.

Ila mkulo hauangushwi na mama mwenye mundu. Unaangushwa na watu wenye misumeno, lori na mnunuzi anayesubiri mjini. Kuwaweka wote kwenye kapu moja kumemrahisishia kazi askari, kwa sababu mama ndiye anayekamatika.

Wapo wanaosema mama huyo atumie gesi asiingie msituni; hoja hiyo inafaa kwa kuni tu. Ng'ombe hali gesi. Kihamba kimegawanywa kwa wana na wajukuu mpaka hakina pa kuoteshea majani, kwa hiyo malisho ya zizini yananunuliwa tambarare, mabua kwa pikapu, na nauli ya pikapu inakula faida ya maziwa. Asiye na hela ya mabua ataingia msituni alfajiri, sheria iwepo isiwepo.

Wala kibali peke yake hakilindi msitu. Moto wa Oktoba 2020 uliunguza takriban kilomita za mraba 95. Ulianzia Whona, pahala pa kupumzikia kwenye njia ya Marangu, na maelezo ya mwanzo ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, yaligusia wapagazi waliokuwa wakipasha chakula. Hao walikuwa wamepita getini kihalali.

Mara kadhaa kina mama wameruhusiwa kuokota kuni kavu kwa siku maalumu. Ni ubinadamu, lakini ni hisani, na hisani inaondoka na aliyeitoa akihamishwa kituo. Kubadili mpaka ni suala la Rais na Bunge, na ningependa lifike huko: Nusu Maili itolewe kwenye hifadhi ya taifa na kurudi kuwa msitu wa vijiji. Majani na kuni zilizoanguka ziruhusiwe, panga kwenye mti mbichi lisiruhusiwe, na kamati ya kijiji ndiyo iandike nani kaingia.

Wanaopinga watauliza kamati hiyo itanunuliwa kwa bei gani na wenye misumeno. Swali hilo ni la haki. Basi ianze kwa vijiji vichache, picha za angani zipigwe kabla na baada ya miaka mitatu, na pale mikulo itakapopungua, mpaka wa hifadhi urudishwe ulipo sasa.